Metro inaweza kungoja, bac haiwezi



Juma hili mtoto mmoja wa mwaka wa sita alituuliza: «Mwalimu, kwa nini Kisangani hakuna metro?» Aliiona kwenye simu ya kaka yake. Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana swali lake linagusa feza ya nyumba zetu. Mama akimaliza faida yake njiani, watoto watakula nini?

Tulimjibu hivi. Treni za kubeba watu mjini ziko namna mbili. Metro hupita zaidi chini ya ardhi. Magari hayaizuii, na hubeba watu wengi sana. Cairo, kule Misri, wanayo tangu 1987. Lakini kuchimba njia, kuzuia maji, kuingiza hewa na umeme kila saa, hiyo ni gharama kubwa mno. Treni nyepesi hupita juu, kwenye reli zilizolazwa kandokando ya barabara. Bei yake iko chini, ila hubeba watu wachache zaidi. Addis Abeba, kule Ethiopia, walianza na treni 41 mwaka 2015. Miaka michache baadaye nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri. Kununua ni siku moja, kutunza ni kila siku.

Somo hilo tunalijua hapa kwetu. Upande wa Lubunga iko reli ya kwenda Ubundu, kilometa 125, iliyofunguliwa 1906 ili mizigo izunguke maporomoko ya Boyoma. Treni isipopita, watu wa njia ile hurudia baiskeli na pikipiki, na bei ya mzigo hupanda.

Na sisi wa Banalia? Metro yetu ni barabara ya Kisangani, zaidi ya kilometa 120, pamoja na bac ya kuvuka Aruwimi. Bac ikisimama, mtu huvuka kwa pirogi, lakini lori hubaki ng'ambo. Mama huteremsha mihogo yake, hulipa pirogi, hulipa wabebaji, kisha hupakia tena. Mwezi uliopita mmoja wetu alilala ukingoni siku mbili. Pondu yake ikageuka njano, akaiuza kwa hasara, na mtoto wake akarudishwa kutoka masomo kwa sababu ya deni.

Kwa hiyo hatumkatazi mtoto kuota metro. Tunasema tu: chombo kizuri ni kile kinachopita leo, na kesho pia, kwa bei ambayo mama anaiweza.

Kazi ya nyumbani, wamama: kwa mwezi mmoja, andikeni kwenye daftari kila safari, feza mliyolipa na saa mlizongoja. Asiyejua kuandika, mtoto wake amsaidie. Tutajumlisha pamoja katika mkutano wetu, kisha tutapeleka hesabu hiyo kwenye ofisi ya teritware. Malalamiko husahaulika upesi. Hesabu iliyoandikwa inadai jibu.