Muhuri wa Faili Utazamwe Kwanza

Lori lifikapo Rusumo, Wilaya ya Ngara, haliruhusiwi kuvuka daraja kwa sababu tu dereva wake ana uso wa kuaminika. Hati zake husomwa, na lakiri ya kontena hulinganishwa na namba iliyoandikwa karatasini. Kituo cha pamoja cha mpaka, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2016, kimepunguza usumbufu, hakikuondoa ukaguzi. Wala hapana mfanyakazi auonaye ukaguzi huo kuwa ni matusi.

Basi ni ajabu kwamba karani arudipo ofisini hupokea programu kwa flashi kutoka kwa rafiki wa Nyakanazi, akaifungua pasipo kuuliza ni nani aliyeitengeneza. Katika kompyuta hiyo mna hati za forodha, orodha ya mishahara, pengine na hesabu za kahawa ya wakulima. Programu ya uharibifu yaweza kuzifunga zote na kudai fedha, kama WannaCry ilivyofanya duniani Mei 2017.

Sahihi ya kidijitali si jina lililoandikwa kwa kalamu. Mtengenezaji hukokotoa muhtasari wa faili yake, akautia sahihi kwa ufunguo wa siri alio nao yeye peke yake. Ufunguo wa pili hutangazwa kwa watu wote, na kwa huo kompyuta iliyoko Biharamulo yaweza kupima. Ikibadilika hata herufi moja njiani, sahihi haikubali. Katika Windows, mtu hufungua sifa za faili akasoma jina la mtia sahihi. Wenye Linux hutumia GnuPG. Ni kazi ya dakika chache.

Wako watakaosema kwamba kupakua kutoka tovuti ya mwenyewe kwatosha. Hakutoshi. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint iliingiliwa, na watu wakaelekezwa kwenye faili iliyopachikwa programu ya wizi. Wala tusidanganyane: mwaka 2017 CCleaner ilisambazwa na uharibifu ndani yake ilhali sahihi yake ni halali, kwa kuwa wezi walikwisha kuingia kiwandani kwenyewe. Lakiri nzima haithibitishi kwamba mpakiaji ni mwaminifu. Lakini nani ataiacha lakiri kwa sababu hiyo?

Simu nazo zina hatari yake. Android hukataa sasisho lisilo na sahihi ya ufunguo ule ule wa awali. Lakini programu mpya kabisa hata mwizi aweza kuitia sahihi yake mwenyewe. Anayerushiwa programu kibandani hana ngao.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekwisha kuitambua sahihi ya kielektroniki. Twataka wakuu wa ofisi za Ngara na Biharamulo wamteue karani mmoja katika kila ofisi, afundishwe kupima sahihi, na flashi ya programu zilizopimwa ikae chini ya ufunguo wake. Twajua bando ni ghali, na ndiyo maana mmoja hupakua na kumi wakanakili. Huyo mmoja asipopima, kumi wameambukizwa kabla ya saa ya chai.