Mgeni Asiyepiga Hodi

Wako wasafiri kutoka nchi za mbali wasemao ya kwamba mpaka usio na mlinzi si mpaka. Hoja yao yajulikana: mstari baina ya Kenya na Tanzania ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukapindishwa kuuzunguka mlima Kilimanjaro, wala Wadigo na Wamasai hawakuulizwa neno. Basi, wasema, mstari wa namna hiyo wastahili heshima gani?

Mimi nasema hoja hiyo si yao kuitoa. Mdigo aendaye msibani kwa shangazi yake ng'ambo ya pili yumo katika nchi ya jamaa zake. Mstari ndio uliomkuta yeye. Mgeni amekuja akaukuta, na nchi ina wenyewe. Kuyatwaa machungu ya Mdigo ili kuikwepa foleni ya Lunga Lunga ni ujanja, wala si hoja.

Nilipata kumsikia mmoja wao akijisifu kwamba alivushwa kwa pikipiki, kwa njia ya vichakani karibu na Vanga, pasipo kugongewa mhuri. Aliuona ni ushujaa. Hakujiuliza kijana mwenye pikipiki angejibu nini laiti wangalikamatwa. Mgeni ana ubalozi wa kumtetea. Kijana ana pikipiki tu, nayo huenda si yake. Safari kama hizo zikizidi, askari huwashuku wote wapitao njia ile, na yule mama aendaye msibani ndiye asimamishwaye.

Nakiri kwamba njia za halali zina uchovu wake. Atokaye Maasai Mara kwenda Serengeti huiona mbuga ile ile mbele yake, na nyumbu huvuka bila pasi. Lakini yeye hana budi kuzunguka hadi Isebania, kwa maana mpaka uliofungwa mwaka 1977 ulipofunguliwa tena mwaka 1983, njia ile ya mbugani wasafiri hawakurudishiwa. Yaudhi, naam. Na ailalamikie serikali kwa barua.

Afikaye pembe isiyo na ofisi aulize mapema katika mji wenye ofisi ya uhamiaji. Akiona kuuliza ni kazi, Namanga i wazi usiku na mchana, na maofisa wa nchi zote mbili huketi katika jengo moja. Aje apange foleni nyuma yetu.