Kopi isiyojaribiwa si kopi

Data zinapopotea kazini, lawama ya kwanza hupewa virusi, ya pili umeme uliokatika. Vyote viwili huharibu kweli. Lakini kuna adui mwingine ambaye ofisi nyingi hazipendi kumtaja: mkono wa mfanyakazi mwenyewe, tena anayejua kazi yake.

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, fundi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za watengenezaji programu wa dunia nzima, alikuwa akirekebisha seva mbili. Alitaka kufuta folda moja kwenye seva ya akiba. Akatoa amri kwenye seva kuu. Alisimamisha amri baada ya sekunde chache tu, lakini kati ya gigabaiti karibu 300 zilibaki 4.5.

Mashine haikumuuliza kama ana hakika. Amri ya aina hiyo haipeleki faili kwenye kapu la takataka, inafuta palepale.

Hata hivyo, kosa kubwa halikuwa la fundi huyo. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka akiba, na zilipohitajika hazikusaidia. Mahali ambapo kopi za kila siku zilipaswa kuwa palikuwa patupu, na hakuna aliyekuwa amechungulia. Kilichookoa kazi ni kopi ambayo fundi mmoja aliichukua kwa mkono, karibu saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Yaliyoingizwa katika saa hizo sita yalipotea.

Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza terabaiti 77 za kazi za watafiti. Huko, programu yenyewe ya kuweka akiba ndiyo iliyofuta, baada ya kubadilishwa vibaya.

Kama walio na mafundi na pesa wanaanguka hivyo, ofisi ndogo ya Goma, Bukavu ao Lubumbashi itajiteteaje? Pointi za wanafunzi, orodha ya mishahara, hesabu za ushirika: mara nyingi vyote viko katika ordinatere moja. Na ile inayoitwa kopi ni folda nyingine ndani ya diski ileile. Ni sawa na kuficha ufunguo wa pili ndani ya nyumba iliyofungwa.

Wengine watasema intaneti ni ghali. Ni kweli, lakini diski ya nje haiombi intaneti. Kopi moja ibaki kazini, nyingine ilale mtaa mwingine. Wakaaji wa Goma waliokimbia Nyiragongo mwezi wa Mai 2021 wanajua kwa nini mahali pamoja hapatoshi. Kisha, kila mwezi, mtu afungue faili kadhaa za kopi hiyo na kuzisoma. Na anayetaka kuformati diski asome kwanza jina lake, mara mbili, mwenzake akiwa pembeni.

Hiyo si kazi ya fundi peke yake. Ni mkubwa wa ofisi anayepaswa kuuliza: mara ya mwisho kopi yetu ilifunguliwa lini? Kama hakuna anayeweza kujibu, ofisi hiyo haina kopi. Ina bahati tu, na bahati haina akiba.