Kichwa Kinapopiga Kama Radi



Mwaka jana mwalimu mwenzetu aliangusha chaki katikati ya somo, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alisema maumivu yamempiga mara moja kama radi. Akatapika, shingo ikakaza. Tulimlaza kwenye mkeka, tukampa dawa ya kichwa. Wengine walisema amepewa sumu, wakamnywesha maziwa. Tulimfikisha hospitali jioni, akiwa hasemi tena. Daktari alituambia mshipa wa damu umepasuka kichwani. Siku ya tatu tulimzika. Tangu hapo nimeuliza na kusoma, na leo nawaletea niliyoyapata.

Mshipa wa damu ni kama mpira wa ndani wa baiskeli. Mahali palipochoka hutoa uvimbe, na upepo ukizidi hupasuka. Ateri za ubongo nazo hufanya hivyo. Kwa watu wengine ateri yenyewe hupanuka kupita kawaida, ikarefuka na kujipinda kama mto wa bondeni. Humo damu hutembea polepole na inaweza kuganda. Ukuta umedhoofika, na uvimbe unaweza kuota hapo. Mshipa huo ukigusa neva, upande mmoja wa uso huchezacheza wenyewe.

Tusiogope kila kichwa kinachouma. Watu wazima kama 3 kwa 100 wanaishi na uvimbe huo, na kwa wengi haupasuki kamwe. Lakini unatupata sisi wanawake zaidi ya wanaume, na tansiyo na tumbaku huzidisha hatari.

Basi tupime tansiyo kwenye kituo cha afya hata tukijisikia wazima. Aliyepewa dawa asiziache kwa kuwa amepata nafuu. Kama wawili kati ya wazazi, ndugu au watoto wako walipatwa na uvimbe huo, mwambie daktari.

Na mtu akipigwa na kichwa ghafla, kwa nguvu ambayo hajawahi kuijua, au kope moja ikaanguka, au akazimia, msimpe aspirini, maana inazuia damu kuganda. Msimnyweshe kitu. Tafuteni gari saa ileile, mwende hospitali kubwa.

Kama pesa ya gari haipo, ya likelemba itoke kwanza. Hesabu tutafanya mgonjwa akiwa mikononi mwa daktari.