Jazi laini yazidi kuwagawanya wapigaji gitaa

WAPIGAJI gitaa wa Marekani hawajawahi kuafikiana kuhusu jazi laini, muziki ule mwororo unaosikika zaidi hotelini.

Wanaoutetea hawana haja ya kwenda mbali. Mnamo 1976 George Benson alitoa albamu ya Breezin', ikapanda hadi kileleni mwa orodha ya Billboard ya muziki wa pop, ufanisi ambao wanajazi wengi huusikia tu kwa wenzao. Kabla yake Wes Montgomery, aliyepiga nyuzi kwa kidole gumba, alirekodi nyimbo za Beatles mwaka 1967 huku akisindikizwa na fidla. Wakereketwa walidai amejiuza, ingawa mkono ulikuwa ule ule.

Pat Metheny naye alimshambulia vikali mpiga saksafoni Kenny G mwaka 2000 kwa kupachika ala yake juu ya sauti ya marehemu Louis Armstrong. Mwingereza Richard Thompson, mpiga gitaa mwenzake, alitunga wimbo wa kumuunga mkono. Ikumbukwe kuwa Metheny mwenyewe hupiga kwa upole. Kilichomuudhi si ulaini, bali uvivu wa kurudia vionjo vichache na kutowaheshimu waliotangulia.

Lawama nyingine yafaa iziendee redio, zilizochagua nyimbo kwa kupima ladha ya wasikilizaji, hivi kwamba aliyetaka kusikika alijibana. Kisha kituo cha WNUA cha Chicago, kilichoanza kupiga muziki huo 1987, kiligeukia vipindi vya Kihispania mwaka 2009. Waliojibana wakaikosa hata hiyo nafasi.