Makamanda, Fomu ya Matokeo ya Hiyo Programu Iko Wapi?

Makamanda, swali moja kabla hatujagombana. Wakala wetu akiambiwa na msimamizi wa kituo, "Kura tumeshahesabu wenyewe, ninyi aminini tu," atakubali? Thubutu! Atadai nakala ya fomu ya matokeo, ailinganishe na iliyobandikwa ukutani, kisha ailinganishe tena na kinachotangazwa kule juu. Namba moja ikipishana, hapalaliki.

Sasa mbona kwenye simu zetu tunafanya kinyume kabisa?

Juzi kwenye grupu letu la vijana kaka mmoja katupia faili la APK. Maelezo yake: "VPN safi, programu huria, hawatuoni hawa." Saa moja haikuisha, watu wameshaiweka na kumshukuru kwa ngumi juu. Nikamuuliza, kaka, umeitoa wapi? "Nimetumiwa na kamanda wa mkoa mwingine." Na yeye kaitoa wapi? Kimya. Halafu nikaambiwa eti nina uoga wa kisomi.

Si uoga. Ni msimamo uleule wa kituoni.

Programu huria maana yake msimbo wake uko hadharani, mtu yeyote anausoma. Sawa. Lakini simu yako haisomi msimbo ule. Inapokea faili lililokwisha kupikwa. Kati ya msimbo na faili kuna jiko, na humo jikoni mpishi anaweza kutia atakacho. Kusema "ni huria" bila kujua nani kapika ni sawa na kusema uchaguzi ulikuwa huru kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa vizuri.

Mnasema natia chumvi? Machi 2024 dunia nzima ya Linux iliponea chupuchupu. Ndani ya XZ, programu ndogo ya kubana mafaili, uligundulika mlango wa nyuma uliolenga kumpa mtu njia ya kuingia kwenye seva. Aliyeupanda alikuwa amejenga imani ya wenzake kwa zaidi ya miaka miwili, anachangia kazi kwa adabu, mpaka akakabidhiwa funguo. Na kipande cha kuuwasha mlango ule hakikuwemo kwenye msimbo uliowekwa hadharani. Kilikuwa ndani ya kifurushi kilichogawiwa kwa wasambazaji. Yaani fomu ya ukutani ilisema hivi, iliyopelekwa juu ikasema vile. Andres Freund aliunasa kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulichelewa kama nusu sekunde, akakataa kupuuza. Nusu sekunde, makamanda!

Dawa ipo, na ina miaka. Unachukua msimbo, unaujenga mwenyewe, unalinganisha ulichopata na kilichotolewa rasmi. Tor Browser walianza kujenga kwa namna inayoruhusu ulinganisho huo mwaka 2013. Signal ya Android nao wakafungua njia hiyo 2016. Mwaka huohuo wa 2013, watu walipoitilia shaka TrueCrypt ya Windows, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Concordia kule Kanada alitafuta matoleo yaleyale ya zana walizotumia wenyewe, nyingine za zamani kweli, akaijenga upya. Tofauti zilizobaki zilikuwa za kueleweka, kama saa ya kujengwa na saini ya kidijitali. Mwanafunzi, si jeshi!

Najua jibu lenu: "Dada, sisi si mafundi." Hata mimi nasoma sheria. Nilikaa na wenzangu wawili na kompyuta tatu za mkopo tukajenga programu moja ya kutunza nywila. Kwenye Linux ikakubali jioni ileile. Kwenye Windows ikagoma siku mbili. Tulikuwa tunahangaika na kosa la mwisho kwenye skrini, kumbe la maana ni lile la kwanza, mengine yote ni watoto wake. La kwanza lilikuwa mafaili yetu kubadilishwa alama za mwisho wa mstari, Windows ina yake na Linux ina yake, skripti ikachanganyikiwa. La pili, maktaba ya usimbaji ilikuwa toleo jipya kuliko lililotakiwa. Kompyuta ya tatu ilikuwa inazimika katikati kwa kukosa kumbukumbu. Tukaiambia ifanye kazi moja moja badala ya nne kwa pamoja, ikamaliza alfajiri.

Kisha tukalinganisha hashi za kompyuta mbili za Linux. Zikapishana. Moyo ulinilipuka. Kumbe jina la folda ya kila mmoja, na saa ya kujengwa, vilikuwa vimeingia ndani ya faili. Tukaweka folda moja na saa moja, tukarudia. Hashi zikawa sawa, herufi kwa herufi. Bando liliisha, lakini siku hiyo nilijua kitu kwa kukiona, si kwa kuambiwa.

Serikali nayo ina lawama yake. Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaotumia VPN watoe taarifa zake pamoja na anwani ya IP kabla ya tarehe 30, la sivyo faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Ibara ya 16 ya Katiba inatupa haki ya faragha, halafu kanuni inataka mtu aliyefunga mlango wake ajisajili kwanza. Ukifunga duka, watu watanunua uchochoroni. Ndiyo maana APK zinazunguka kwenye magrupu. Hilo tutalipinga mahakamani na majukwaani. Ila kanuni mbovu haitusafishi sisi tunaopokea mzigo gizani huku tukibeba orodha za wanachama na picha za fomu za mawakala.

Kwa hiyo, viongozi wetu wa vijana, nadai matatu. Moja, marufuku kutupia APK kwenye grupu. Kila mtu apakue kwa mwenye programu na ahakiki saini. Mbili, kila kanda iwe na vijana watatu wa kujenga programu tunazozitegemea, kila mmoja kwenye mashine yake, kisha hashi zibandikwe wazi kwa wote. Tatu, kila kosa tulilokwama nalo liandikwe kwa Kiswahili, na suluhisho lake chini, ili kamanda wa Kigoma asipoteze siku mbili tulizopoteza sisi.

Anayesema haya ni makubwa, asinidai tena nilinde kura usiku kucha. Kulinda ni kulinganisha. Asiyelinganisha, kaamini tu.