Msiwarudishe Linkin Park Mwaka 2000

Kwenye kipindi kilichopita tulitupia swali moja pale mwishoni, Linkin Park waelekee wapi sasa, tukidhani ni la dakika tatu. Aisee. Jumbe zenu za sauti bado zinaingia. Kuna mtu katuma dakika kumi na moja nzima, kakohoa katikati, kaomba radhi, akaendelea. Kwa hiyo leo naandika, maana kwenye kipaza sauti huwa nakatizwa.

Wengi wenu mnataka kitu kimoja: warudi walikotoka. Magitaa mazito, Mike Shinoda anachana, mwimbaji anapasua koo kwenye kiitikio, Joe Hahn anakwaruza sahani zake, basi. Yaani Hybrid Theory ya pili, au ya tatu, kwa kuwa Meteora ya 2003 ilishakuwa ya pili. Binamu yangu wa Maskati kaliweka vizuri kuliko wote: mpishi wa biriani haulizwi leo atapika nini. Watu wameshalipa, wamekaa, wanasubiri biriani.

Mimi nasema hapana. Na naomba mnisikilize kabla hamjaanza kurekodi.

Kwa wadogo zetu waliowajua juzi tu: hawa jamaa walianza California mwaka 1996 wakijiita Xero. Chester Bennington alijiunga 1999 akitokea Arizona, na mwaka uliofuata ikatoka Hybrid Theory, ambayo Marekani peke yake imepita nakala milioni kumi. Wengi wetu tulioanza shule Ulaya na Marekani miaka ile tuliikuta tayari ipo, kwenye sidii za kaka zetu, kwenye vipokea sauti vya kuazimana ndani ya basi la shule. Nyumbani mama anauliza haya makelele ni ya nani, na wewe huna neno la Kiswahili la kumweleza kwamba huyu mtu anapiga kelele kitu unachokihisi wewe. Ndiyo maana mjadala huu unatuuma. Tukisema "warudi" wengi wetu tunaidai ile basi ya shule, na bendi hatuidai chochote.

Sasa tazameni historia yao wenyewe. Hii bendi haijawahi kukaa mahali. Baada ya Meteora wangeweza kuuza supu ileile miaka ishirini. Badala yake wakamwita Rick Rubin, wakatoa Minutes to Midnight mwaka 2007, na Mike akachana kwenye nyimbo mbili tu. Mbili! Watu walilia kwamba bendi imekufa. Wiki ya kwanza ikauza zaidi ya nakala 600,000 Marekani.

Halafu 2010 ikaja A Thousand Suns, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndiyo moyo wa hoja yangu. Magitaa yamesukumwa nyuma kabisa. Mbele kuna vinanda, ngoma za kompyuta, sauti ya Oppenheimer akizungumzia bomu, sauti ya Martin Luther King. Nyimbo zinaingiliana, huwezi kuchomoa moja ukaondoka nayo. Kwa mtu aliyekuja kutafuta kelele za 2000 ilikuwa kama kukaribishwa kwenye nyumba isiyo na viti. Nakumbuka kaka yangu aliisikiliza mara moja, akaitoa, akasema hawa wamechanganyikiwa. Leo hao hao waliokimbia ndio wanaoitaja kila mara tukiuliza albamu yao bora. Kaka yangu pia, ingawa atakataa akisoma hapa.

Ilichukua miaka mashabiki kuifikia. Bendi ilikuwa imetangulia, ikatusubiri. Mimi ndio utaratibu ninaoupenda: mwanamuziki yuko mbele kidogo, sisi tunakimbia nyuma tukinung'unika.

Lakini kunung'unika kuna kipimo chake, na hapa nazungumza kwa uzito. Mei 2017 walitoa One More Light, albamu laini, karibu yote ni pop. Mapokezi yalikuwa mabaya sana. Sizungumzii "sijaipenda", nazungumzia matusi ya kila siku, watu wakimwita msaliti mtu anayeimba kuhusu kichwa chake mwenyewe kuwa kizito. Chester alijibu hadharani, kwa hasira, akiwaambia mashabiki waachane na Hybrid Theory. Tarehe 20 Julai mwaka huohuo alifariki kwa kujiua. Sisemi hata kidogo kwamba hili lilisababisha lile. Mtu huyo alikuwa na mzigo aliousema waziwazi kwa miaka mingi, na hakuna kati yetu anayejua kilichokuwa ndani yake. Ninachosema ni kwamba wimbo uliobeba jina la albamu ile, walioutunga kwa ajili ya rafiki yao wa kampuni ya rekodi aliyefariki kwa saratani, ndio tulioutumia sisi sote kumlilia yeye. Wimbo wa albamu tuliyoitukana. Oktoba ile kwenye tamasha la kumkumbuka, Hollywood Bowl, bendi ilipiga Numb bila mwimbaji, kipaza sauti kikiwa kimesimama peke yake na maua, umati ukaimba. Tangu hapo mtu akiniambia anajua bendi "inatakiwa" kusikika vipi, nanyamaza kwanza.

Haya, tuje kwenye sasa. Miaka saba wakakaa kimya kama bendi, ukiacha nyimbo za zamani zilizofukuliwa, kama Lost ya mwaka 2023. Septemba 2024 wakarudi na Emily Armstrong wa Dead Sara akiimba na Colin Brittain kwenye ngoma, na Novemba ikatoka From Zero. Jina lenyewe linarudi kwenye Xero. Dakika thelathini na kitu, imeisha.

Naipenda. Mnajua naipenda, nimewachosha nayo. The Emptiness Machine inaanza na Mike, halafu Emily anaingia ubeti wa pili kama mtu anayefungua mlango taratibu aone kama wenyeji wako macho. Waliijenga hivyo kwa makusudi, naamini, na ni adabu nzuri. Heavy Is the Crown ina ule ukelele mrefu ambao jirani yangu wa chini ameshaugongea dari mara mbili. Lakini semeni ukweli: ukiisikiliza Two Faced, husikii 2003? Mikwaruzo ipo, gitaa lipo palepale, hasira iko dakika ileile. Albamu nusu yake ni picha za familia. Ilikuwa lazima wafanye hivyo. Umetoka msibani, umeleta mgeni nyumbani, huwezi siku hiyohiyo kubadilisha na fanicha. Unapika kile ambacho kila mtu anakijua, mnakula, mnatazamana.

Ila hiyo ni mara moja. Ukiipika tena na tena, mgeni atabaki mgeni.

Hili ndilo linalonisumbua zaidi na ndilo sijasikia likisemwa kwenye jumbe zenu. Nilikuwa Wembley Juni 2025. Emily akiimba zile za zamani anaimba vizuri, koo lake ni la ajabu, lakini uwanja mzima unamwimbia Chester kupitia kwake. Anajua, nadhani. Kuna mahali anarudi nyuma, anageuza kipaza sauti kwa watu, anatuachia. Ni heshima, na pia ni kazi ya mpangaji anayetunza samani za mwenye nyumba. Ukimwandikia albamu nyingine yenye umbo la Hybrid Theory unamsainisha upya mkataba wa upangaji. Kila ukelele atakaopiga utapimwa kwa ukelele wa marehemu, na marehemu hashindwi kamwe.

Baba yangu, ambaye roki haijui wala haitaki, alinisikia nikibishana na binamu kwenye simu akaingilia. Yeye ni mtu wa Msondo damu. Akasema, nyinyi mnashangaa nini? NUTA Jazz ya 1964 imekuwa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Waimbaji wamekufa, wamehama, Bitchuka kaenda Sikinde na kurudi, na bado watu wanacheza. Mtindo ni wa bendi, mwimbaji anapita. Binamu kule Maskati akashangilia, akidhani kapata wakili.

Nikamuuliza mzee: mwimbaji mpya akija Msondo alikuwa anaimba tungo za nani? Akafikiri. Akasema, anaimba za zamani watu wakiziomba, lakini lazima aje na zake, la sivyo amekuja kufanya nini? Nikamwambia basi baba, umemaliza, asante, na nikamwomba binamu asikate simu.

Tungo zake. Kwenye From Zero kuna wimbo mmoja unaonionyesha njia, nao ni Overflow. Wengi mnauruka, najua, hauna lile pigo. Unatambaa. Besi nzito ya mbali, mwangwi, Mike anachana chini kwa chini, na Emily hapigi kelele hadi anapotaka mwenyewe. Kwenye wimbo ule sikumlinganisha na mtu yeyote. Huo ndio mtihani wangu, na sina mwingine: nimesikiliza dakika ngapi bila kumkumbuka aliyekuwepo?

Binamu anasema nikipewa mimi bendi itacheza mbele ya viti vitupu. Hoja yake si ya kipuuzi. Ziara kubwa hulipwa na nyimbo za kale, na kijana aliyenunua tiketi ya Wembley kwa mshahara wa wiki hakuja kusikiliza majaribio ya kinanda. Sawa, jukwaani wapige za zamani mpaka asubuhi, nitaimba nazo. Naizungumzia studio.

Huko studio nataka wachukue muda, hata miaka mitatu. Joe Hahn apewe nafasi ya mbele kama 2010, magitaa yasubiri yaitwe. Wamwache Emily aandike kutoka mwanzo, ikiwezekana kwa ile sauti yake ya chini yenye mchanga ambayo From Zero imeitumia kwa uchache mno. Wakitoa kitu ambacho wiki ya kwanza mimi mwenyewe nitakichukia, nitakuwa na matumaini kuliko wakinipa kitu ninachokijua kabla hakijafika kiitikio.